MikroTik hAP lite: ruta ya kununua kabla hujalipia kozi yoyote ya mtandao

Kijana akiniandikia, "Shikamoo dada, nimemaliza diploma ya tehama, nataka kuwa injinia wa mtandao, nilipie kozi gani?", namwitikia marahaba, kisha namuuliza kama ana ruta yake mwenyewe. Siulizii ile waliyofungiwa nyumbani na kampuni ya intaneti, ambayo nywila anayo fundi. Naulizia ya kwake, ambayo akivuruga mipangilio saa tano ya usiku hakuna wa kumgombeza kwamba tamthilia imekatika. Wengi hawana. Na wengi wao tayari wameshatoa laki kadhaa kwa kozi ambayo mwalimu alionyesha slaidi kuanzia siku ya kwanza mpaka siku ya vyeti.

Kwa hiyo leo naandika kirefu kuhusu kifaa ninachowaelekeza wakanunue, MikroTik hAP lite, ile yenye namba RB941-2nD. Mimi kazi yangu ni mtandao, hapa Dar es Salaam. Nilianza kwa kupanda dari na kuvuta waya kwenye majengo ya watu, nikahamia zamu za usiku kwenye chumba cha kuangalia mtandao wa mtoa huduma, na sasa ndiye ninayepanga mitandao yenyewe. Ruta hii nimekuwa nayo muda wote huo na bado iko mezani. Naipima kwa jambo moja tu: inamsaidiaje mtu anayeanza kazi hii asiye na mtaji?

Sifa zake kwenye karatasi hazisisimui. Ina matundu manne ya waya, kila moja megabiti 100 kwa sekunde. Waifai ni ya 2.4 GHz peke yake. Prosesa ni ya 650 MHz, RAM ni MB 32, hifadhi ni MB 16. Inakaa kiganjani. Mimi yangu niliinunua Kariakoo chini ya shilingi laki moja. Umeme inaupata kwa waya wa micro-USB, volti 5, na hili nalisifu sana kwa sababu tunaishi na umeme wetu tunaujua: ukikatika unaichomeka kwenye pawabenki na zoezi linaendelea.

Uzito wake uko ndani. MikroTik ni kampuni ya Latvia, makao yake yako Riga, ilianzishwa mwaka 1996, na ruta zake zote zinatumia mfumo mmoja unaoitwa RouterOS. Zile ruta kubwa za CCR zinazobeba wateja wa mtoa huduma mzima zina menyu zilezile, amri zilezile, na zinafunguliwa kwa Winbox, programu ileile ya kompyuta inayosimamia hiki kijiruta. Ukijua kuandika kanuni ya fayawoli, ukuta unaochuja kinachoingia na kutoka, kwenye hAP lite, umejua kuiandika kwenye ile iliyofungwa kwenye raki yenye kiyoyozi. Na hoteli, hosteli, shule na watoa huduma wadogo niliowafanyia kazi, wengi wao ukifungua kabati la mtandao unakutana na MikroTik. Kijana anayeijua ana kitu cha kuuza siku hiyohiyo.

Sasa niwaeleze zoezi la kwanza ninalompa kila anayeanza, kwa sababu ndilo lililonishawishi kwamba kifaa hiki kinafundisha kuliko mwalimu mvivu.

Usianze na mipangilio iliyokuja nayo kiwandani. Hiyo inafanya kila kitu peke yake, na wewe hujifunzi chochote. Ingia kwa Winbox, nenda System, kisha Reset Configuration, weka alama kwenye No Default Configuration, ukubali. Ruta itazima na kuwaka ikiwa tupu kabisa, haina hata anwani ya IP. Kwa ruta nyingi za madukani hapo ndipo ungekwama. Kwenye hii unafungua sehemu ya Neighbors ndani ya Winbox, unaiona ruta yako kwa anwani yake ya MAC, namba iliyozaliwa nayo kiwandani, unaibofya, unaingia. Kijana akiliona hilo kwa macho yake, somo la tabaka la pili (la MAC) na la tatu (la IP) alilokariri chuoni linapata mwili. Amezungumza na kifaa kisicho na IP.

Kisha mjengee mtandao kipande kwa kipande, na kila kipande akipime kabla ya kuongeza kingine. Tengeneza briji, yaani swichi ya ndani ya ruta inayounganisha matundu, weka ndani yake tundu la pili, la tatu na la nne. Ipe briji anwani 192.168.88.1/24. Chomeka laptopu, angalia imepata anwani gani: itakuwa imejipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254, kwa sababu hakuna aliyeigawia. Washa seva ya DHCP, ambayo kazi yake ni kugawa anwani, chomoa waya uchomeke tena, sasa imepata 192.168.88.254 au jirani yake. Inaipingi ruta vizuri, lakini ukipingi 8.8.8.8 kimya. Weka sasa DHCP client, inayoomba anwani, kwenye tundu la kwanza linalotoka kwa ruta ya nyumbani. Bado kimya kwa laptopu, ingawa ukipingi kutoka kwenye ruta yenyewe inajibu. Andika kanuni moja ya NAT, inayoitoa laptopu nje kwa anwani ya ruta: srcnat, toka kwa ether1 (tundu la kwanza), masquerade. Laptopu inajibu. Fungua tovuti: haifunguki, maana majina hayatafsiriki. Ruhusu DNS, mtafsiri wa majina, kwenye ruta, itaje kwenye DHCP, tovuti inafunguka. Na papo hapo mwambie afunge lango la 53 kwa maombi yanayotoka nje, la sivyo ruta yake itajibu maswali ya dunia nzima.

Mtu aliyepita hapo ameshaona dalili za sehemu kubwa ya simu atakazopigiwa na wateja. Hana IP. Ana IP lakini hatoki. Anatoka lakini majina hayafunguki. Kila moja ina ugonjwa wake, na ameyaona yote mawili, ugonjwa na dawa, kwa mikono yake. Kwenye usaili wa kazi ya chumba cha uangalizi, swali ninalopenda kuuliza ni hili: mteja anasema intaneti haifanyi kazi, laptopu yake ina 169.254.10.7, unaanzia wapi? Aliyesoma slaidi ananieleza maana ya TCP/IP. Aliyeshika ruta ananiuliza kama waya umekaa, kama taa ya tundu inawaka, kama seva ya DHCP iko hai na kama anwani za kugawa zimekwisha. Huyo wa pili namchukua hata kama cheti hana.

Nyumbani hakuna intaneti ya waya? Wengi hatuna. Hapo hAP lite ina njia nzuri: waifai yake unaiweka kwenye hali ya station, inaunganika na hotispoti ya simu yako kama vile ni simu nyingine, na ile kanuni ya NAT unaielekeza itoke kwa wlan1, ndiyo waifai yenyewe. Bando la simu linakuwa ndiye mtoa huduma wako. Hakikisha tu hotispoti ya simu iko kwenye 2.4 GHz, maana 5 GHz ruta hii haiioni.

Ukifika hapo fungua zana ya Winbox inayoitwa Torch, uielekeze kwenye briji. Utaona mstari kwa mstari kila kinachopita: anwani ya laptopu, anwani ya nje, lango, kasi. Kama waifai ya ruta umeiingiza nayo kwenye briji, utaona simu ya mama imekaa mezani haiguswi na mtu, lakini inapakia picha zake kwenye hifadhi ya mtandaoni na bando linateketea. Weka Simple Queue, kanuni ya kubana kasi, kwa anwani ya simu hiyo, mwisho megabiti moja kupanda na moja kushuka, urudi Torch uangalie mstari unavyotii. Hakuna video niliyowahi kuiona inayofundisha ugawaji wa kasi kwa namna inayoingia mwilini hivyo.

Kuna kitu kingine cha kuzoea mapema, kitufe cha Safe Mode kilicho juu ya dirisha la Winbox. Ukikiwasha kabla ya kubadilisha kitu, na badiliko lako likakata njia uliyoingilia, ruta inarudisha yenyewe hali ya mwanzo. Nyumbani utakiona hakina umuhimu. Siku uko Tabata unarekebisha fayawoli ya ruta iliyoko Mtwara, utaelewa kwa nini nafundisha vidole vya watu viende pale kwanza.

Sasa upande wa mapungufu, na yapo.

Hifadhi ya MB 16 ni ndogo. RouterOS ya toleo la 7 ilitoka rasmi Desemba 2021 na inaingia kwenye kifaa hiki, lakini inabanana. Ukiongeza vifurushi vya ziada nafasi inakuwa finyu na kusasisha kunakuwa kwa tabu. Vilevile unaposasisha chagua faili sahihi la prosesa yake, la smips, siyo mipsbe ambalo watu hulipakua kwa mazoea. RAM ya MB 32 inatosha mazoezi, haitoshi hosteli yenye wanafunzi mia. Nimekuta hAP lite imefungwa na mtu kubeba jengo zima la wapangaji, na wapangaji wanailaumu kampuni ya intaneti. Kifaa hakina kosa hapo, kimetwishwa mzigo usio wake. Na ikiwa unatafuta waifai ya kufika chumba cha mwisho cha nyumba, usinunue hii kabisa.

Mwenye uwezo kidogo zaidi nampeleka kwenye hAP ax lite, yenye RAM ya MB 256, matundu ya gigabiti na umeme wa USB-C, au hEX kama hahitaji waifai. Lakini kama fedha inatosha hAP ax lite moja au hAP lite mbili, kwa kujifunza nunua mbili. Ruta moja haina wa kuzungumza naye. Mbili unaziunganisha kwa waya, unazipa kipande cha /30, anwani nne ambazo mbili tu ndizo zinatumika, na unaandika njia za mkono kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kisha unazifuta njia hizo na kuwasha OSPF, itifaki ya kutafuta njia, unaona ruta zinavyofundishana zenyewe. Kisha BGP, kwa namba za mifumo ya binafsi kuanzia 64512. Ndiyo, kijiruta cha bei ya viatu vya shule kinaendesha BGP, itifaki ileile inayounganisha mitandao ya dunia. Kwa kweli hili bado linanifurahisha kila ninapomwonyesha mtu.

Lugha nayo ni tatizo. Maelezo rasmi ya MikroTik ni ya Kiingereza, na si Kiingereza cha shule. Nimeona vijana wenye akili nzuri wakikata tamaa kwenye ukurasa wa kwanza wa fayawoli. Kama unayajua haya, rekodi video kwa Kiswahili, hata za dakika tano. Zinahitajika sana.

Na kuna suala la usalama, ambalo naomba lisirukwe. Mwaka 2018 uligundulika udhaifu kwenye Winbox ulioruhusu mtu wa nje kusoma nywila za ruta. MikroTik walitoa marekebisho Aprili mwaka huohuo, lakini ruta nyingi duniani ziliachwa bila kusasishwa, na miezi michache baadaye wavamizi wakawa wanazitumia kuingiza programu za kuchimba sarafu za kidijitali kwenye kurasa wanazofungua watu. Somo kwa anayeanza ni la vitendo: badilisha nywila, funga lango la 8291, ambalo Winbox inalitumia, lisionekane kutoka nje, zima huduma usizozitumia, sasisha. Mtu anayefanya haya kwenye ruta yake ya mazoezi atayafanya kwa mteja bila kukumbushwa.

Swali linalofuata huwa ni la Cisco. Je, si bora Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuiga mitandao kwenye kompyuta, ambayo ni ya bure? Packet Tracer ni nzuri na utaihitaji. Unajisajili Networking Academy ya Cisco, unaipakua, unajenga mtandao wa ofisi kumi kwenye laptopu moja, unazoea amri za Cisco ambazo MikroTik haiwezi kukufundisha, maana zinafanana kwa maana tu, siyo kwa maandishi. Ukienda benki au kampuni kubwa ya simu, watakuuliza Cisco. Lakini mtandao wa Packet Tracer unaishi kwenye skrini. Hauna waya uliokatwa vibaya, hauna umeme unaoyumba, hauna mdogo wako anayelalamika YouTube inazunguka. Tumia vyote viwili, asubuhi hiki, jioni kile. Asiye na fedha ya ruta kabisa anaweza kuendesha CHR, ambayo ni RouterOS ya kwenye kompyuta. Leseni yake ya bure inabana kila tundu kwenye megabiti moja, na kwa mazoezi hiyo inatosha.

Vyeti navyo nivipitie haraka. MTCNA, cheti cha kwanza cha MikroTik, hupati kwa kusoma peke yako. Lazima ukae darasa la mkufunzi anayetambuliwa, na mtihani unafanywa mwisho wa darasa hilo: maswali 25 kwa dakika 60, kufaulu ni asilimia 60. CCNA, cheti cha Cisco, unaweza kujisomea na kwenda kufanya mtihani wa 200-301 wa dakika 120, ila ada yake ni dola 300 za Marekani, na kwa kijana asiye na kipato hiyo ni fedha ya kodi ya chumba ya miezi mingi. Vyote viwili vinaisha muda baada ya miaka mitatu. Ushauri wangu: usikimbilie CCNA ukiwa bado hujaingiza shilingi. Pata kazi ya kufunga mitandao midogo kwanza, jiwekee akiba, kisha fanya mtihani ukiwa umeshika vifaa. Cheti kinachokuja hivyo unakitetea kwenye usaili bila kutokwa jasho. Na kwa wanaotaka kuitwa mhandisi kwenye kadi ya biashara, wajue kwamba jina hilo kwa Tanzania lina Bodi yake ya Usajili wa Wahandisi. Matangazo ya kazi yanaweza kukuita injinia, sheria ina taratibu zake.

Kazi za mwanzo ninazoziona zikipatikana ni hizi ndogondogo: gesti yenye vyumba kumi na mbili inayotaka wageni waingie kwa vocha, duka la dawa linalotaka kamera na mashine ya risiti zisigombanie bando, shule inayotaka maabara ya wanafunzi itenganishwe na ofisi ya mhasibu. Ya kwanza ni hotispoti ya MikroTik, ya pili ni Queue, ya tatu ni VLAN, yaani kugawa mtandao mmoja kuwa mitandao iliyotengana. Zote tatu unaweza kuzifanyia mazoezi sebuleni kwenu. Ila kumbuka, kumfungia mwenye gesti mtandao wa wageni wake ni kitu kimoja, na kusambaza intaneti mtaani ukauzia umma ni kitu kingine. Hiyo ya pili inataka leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na vijana wengi huingia humo bila kuuliza.

Kutoka hapo kwenda chumba cha uangalizi kinachohitajika ni kuona ramani nzima kichwani. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikonga ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika, Tanzania nzima ilihisi. Simu za wateja ziliingia mfululizo. Mwenzangu mmoja, kijana aliyejifunza kwa hAP lite mbili na waya wa mita moja, ndiye aliyekuwa akiwaeleza wateja kwa utulivu kwa nini tovuti iliyohifadhiwa hapahapa Dar inafunguka na video ya nje inakwama: njia ya ndani inapita kwenye kituo cha kubadilishana trafiki, haigusi bahari. Aliwahi kuzima kiungo kimoja kati ya ruta zake na kutazama kwa traceroute, amri inayoonyesha njia ya data, jinsi njia inavyobadilika. Alijua anachokisema.

Ukienda kununua, beba simu yenye bando uangalie mambo haya dukani. Soma namba ya chini ya kifaa, iwe RB941-2nD. Kuna yenye kasha la kulala na yenye kasha la kusimama, TC mwishoni, ndani ni kitu kilekile. Zile mpya zina nywila iliyoandikwa kwenye stika, usiiache stika ikabanduliwa. Kama imeshatumika na mtu mwingine, mwambie muuzaji airiseti mbele yako. Omba ichomekwe, subiri taa ya kila tundu iwake kwa waya mmoja unaouhamisha.

Na waya wenyewe uuangalie kuliko ruta. Madukani kumejaa waya wa alumini uliopakwa shaba, umeandikwa Cat6 kwa herufi kubwa. Kwangua ncha ya uzi mmoja kwa wembe: ikibadilika kuwa nyeupe, huo si shaba. Kwenye mita moja ya mazoezi hutaona tofauti. Kwenye mita 80 zenye kamera inayopata umeme kwa waya huohuo, kamera itazima kila usiku taa zake zinapowaka, na utalaumu ruta, swichi na mkandarasi kabla hujafika kwenye waya. Lipa zaidi upate wa shaba tupu, nunua na kibanio cha ncha za RJ45 kilicho imara, na ncha za akiba za kutosha. Mpangilio ni T568B pande zote mbili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Bana nyingi nyumbani mpaka macho yasihitaji kuangalia karatasi, maana darini mwa mteja, tochi mdomoni, hakuna mkono wa kuishika.